Aliyenyamaza Gatini

Yaching alimwona dada yake kabla dada yake hajamwona, na kitu cha kwanza alichotamani ni kugeuka arudi alikotoka. Hakugeuka. Angegeukaje, na ndiye aliyeshika kibendera cha manjano, na nyuma ya kibendera hicho walikuwapo wageni kutoka Taipei na Taichung, na wengine waliovuka bahari kutoka Japani, wote wanamsubiri awatembeze Tainan? Basi alisimama palepale mbele ya duka la supu ya ng'ombe, jua la asubuhi likiwa limeshaanza kuchoma, akatoa tabasamu lake la kazi.

"Nimejiandikisha kama wageni wengine," Yawen alimwambia, akiinua simu kuonyesha tiketi. "Nimezaliwa hapa, nimesoma hapa, lakini sijawahi kuzungushwa. Nataka nione hawa watu wanafuata nini huku kwenye joto lote hili."

"Dada, si ungenipigia nikupokee kituoni?"

"Ningekupigia usingelala."

Kweli asingelala, na hata bila kupigiwa alikuwa halali. Majira ya joto yaliyopita Yawen alikuwa mchumba wa mtu. Mtu huyo aliitwa Chengyu, mwendesha chelezo cha watalii kule kwenye mikoko, kijana mwenye mabega mapana na maneno machache, ambaye akimwangalia mtu humwangalia mpaka mwisho. Keki za uchumba zilikuwa zimeshaagizwa. Halafu jioni moja Chengyu akaja nyumbani, akainama mbele ya Mama, akasema hawezi kumfunga mtu asiyetaka kufungwa, akaondoka. Yawen hakulia mbele ya mtu yeyote. Alipanga nguo zake, akaenda kufanya kazi kwenye duka la dawa huko Hsinchu, akawa anarudi nyumbani kwa nadra.

Baridi ilipoingia, Chengyu na Yaching walikuwa wameshapendana. Kila wiki Yaching alimletea wageni chelezoni kwake, na kila wiki maneno yaliongezeka kidogo, mpaka siku moja wageni walishuka wote na wao wawili bado wamekaa. Mji mzima ulijua kabla Mama hajajua. Alipojua, alilia siku mbili, kisha akasema mwanamume mmoja hawezi kupiga hodi nyumba ileile mara mbili, kila mara akiulizia binti mwingine, na kwamba majirani watawacheka mpaka waende makaburini. Mwishowe alilainika kwa sharti moja tu. Yawen mwenyewe, kwa kinywa chake, aseme hana neno. Akisema hivyo, mlango utafunguliwa. Na Chengyu alikuwa aje kesho pamoja na wazazi wake.

Ndiyo maana Yaching alipomwona dada yake pale kwenye foleni ya supu, alitamani kukimbia. Jibu lake lilikuwa limefika kwa treni ya asubuhi, limevaa kofia ya jua na mikono mirefu ya kuzuia kuungua.

Walikunywa supu. Nyama mbichi iliyokatwa nyembamba, mchuzi wa moto unamiminwa juu yake mezani, na wageni wakapiga picha mpaka supu ikaanza kupoa. Mjane mmoja wa Taichung, Mama Ouyang, aliyekuwa na kofia pana kuliko meza, alikwisha kuwa rafiki wa kila mtu. Alitangaza kwamba mume wa kwanza alikufa, wa pili akamkimbia, na safari hii amekuja Tainan kumwomba Mzee wa Mwezi, mungu wa ndoa, ampe mpishi.

"Mwingine yeyote sitaki," alisema. "Awe na sura mbaya, awe na mvi, shida yangu ni chungu tu."

Watu walicheka. Yawen naye alicheka, cheko kubwa la wazi, na Yaching akamtazama kwa mshangao, maana dada yake hakuwa na cheko la namna ile. Tangu utoto alikuwa mtu wa kimya, mtu ambaye ukimpa zawadi anasema ahsante na kuikunja karatasi yake vizuri, nawe unabaki hujui kama ameipenda.

Kutoka pale waliingia vichochoro vya zamani, kuta zimekaribiana kiasi kwamba wageni walipita mmoja mmoja. Yaching alieleza habari za visima na milango na wafanyabiashara wa kale, maneno aliyoyasema mara nyingi mpaka mdomo ulijiendea wenyewe. Yawen alikuwa nyuma yake. Walipofika penye kivuli, alimvuta mkono.

"Sikuja kukutesa," alisema kwa sauti ya chini. "Leo jioni narudi, sina likizo. Lakini nitapita kwa Mama kabla ya treni nimwambie afungue mlango."

"Dada, huna kinyongo?"

"Ninacho. Ila nimechoka kukibeba. Na nimefikiri sana, Yaching. Alinikataa mimi kwanza, ndipo akakutaka wewe. Hukuniibia kitu."

Hayo ndiyo maneno ambayo Yaching alikuwa ameyangoja usiku na mchana, na yalipofika yalimwingia vibaya. Angetaka atukanwe. Angetaka dada yake amvute nywele hapohapo kichochoroni, mbele ya Wajapani na kamera zao. Badala yake Yawen alimrekebisha ukosi wa shati la kazi, kama alivyokuwa akifanya alipompeleka shule, na Yaching akajua kwamba asiposema sasa hatasema tena maisha yake yote. Akafungua mdomo.

"Kiongozi," Mama Ouyang aliita kutoka mbele, "huyo Mzee wa Mwezi tunamwona leo au mpaka nizeeke zaidi?"

Mdomo ukafungwa.

Wageni wa majira ya joto hawaji Tainan bila kwenda kwa Mzee wa Mwezi. Ndiye anayefunga nyuzi nyekundu kati ya watu watakaooana, na mjini mna mahekalu kadhaa yanayomweka. Mwaka mzima Yaching alikuwa akiwapeleka watu wake kwenye moja tu, la karibu na barabara kubwa, na kama kuna mtu ofisini aliyejiuliza kwa nini, hakumuuliza yeye. Lakini wiki ile hekalu hilo lilikuwa limefungwa kwa matengenezo. Akaambiwa awapeleke la uchochoroni, lile dogo, ambalo Mzee wake anasifika kwa kukata nyuzi sawasawa na anavyosifika kwa kuzifunga.

Alijituliza njiani. Alijiambia mwaka ni muda mrefu, watu wanaopita pale ni wengi, nani atamkumbuka?

Ndani kulijaa moshi wa ubani na feni zilizozungusha joto lilelile. Aliwafundisha wageni namna ya kuuliza. Unapiga magoti, unataja jina lako na siku yako ya kuzaliwa na mahali unapokaa, maana Mzee ana watu wengi na asije akakosea nyumba. Kama unauliza habari za mtu mwingine, naye unamtaja vivyo hivyo. Kisha unachukua vibao viwili vyekundu vilivyopinda kama mwezi mchanga, upande mmoja bapa, ndio tumbo, upande mwingine mviringo, ndio mgongo, unavirusha sakafuni. Kimoja kikionyesha tumbo na kingine mgongo, Mzee amekubali. Vyote vikionyesha mgongo, amekataa. Vyote vikionyesha tumbo, anacheka, na wewe rudi ukapange swali lako upya. Mama Ouyang alirusha, Mzee akacheka. Akarusha tena, akacheka tena.

"Ananidharau kwa sababu nimetaja chungu," alilalamika, na hekalu zima likacheka pamoja na Mzee.

Kwenye meza ya nyuzi alikaa mwanamke mwenye miwani, mmoja wa wale wanaojitolea kuhudumu hekaluni. Kila mtu alimwita Shangazi Kuei. Alikuwa akimfunga Mjapani mmoja uzi mkononi, akainua macho, akayaacha kwa Yaching, na mikono yake ikasimama.

"Wewe mtoto nakujua," alisema.

"Shangazi, mimi ni kiongozi wa watalii, pengine umeniona tu mjini."

"Mjini wapi? Mimi sitoki hapa. Wewe ndiye uliyekuja mwaka jana siku ile ya mvua, umelowa chepechepe. Ulirusha mara tatu, na mara tatu Mzee akakubali. Uliomba uzi wa wale wachumba ukatwe."

"Umenifananisha, Shangazi."

"Simfananishi mtu mimi." Sauti ya Shangazi Kuei haikuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililoumiza zaidi. Alikuwa akiongea kama jirani anayekumbusha sufuria aliyoazimisha. "Mwanamume uliyemtaja ni Chengyu, wa Anping. Ulimtaja mara mbili, sauti ilikukwama. Nami nikakuuliza mbona huyo mchumba wake anakaa nyumba moja na wewe, ukaanza kulia. Sasa niambie, ulikatika au haukukatika? Maana kama ulikatika, mbona hukurudi kushukuru? Mtu akipewa hurudi na keki. Mzee hakudai, lakini si adabu."

Hapo ndipo lilipokuwa kosa lake, kosa ambalo mtu wa Tainan hakupaswa kulifanya. Angepeleka boksi moja la keki majira yale, akainama mara tatu, akaondoka, na Shangazi Kuei angemsahau pamoja na maelfu ya wengine waliokuja kushukuru. Lakini Yaching aliona haya kushukuru. Aliona akishukuru atakuwa amekubali kwamba alifurahi. Hivyo akabaki na deni, na mwenye deni hasahauliki.

Hakugeuka kumtazama dada yake. Alisikia tu vijiti vya ubani vikiwekwa mezani, polepole, kisha hatua zikielekea mlango wa pembeni. Akampa Mama Ouyang kibendera bila kusema kitu, akazifuata.

Nje, kwenye ua mwembamba kando ya tanuru la kuchomea karatasi za sadaka, Yawen alikuwa amesimama ameuegemea ukuta. Kofia ameivua. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa ule wa zamani, usiosomeka.

"Kwa hiyo ulinitaja," alisema.

"Nilikutaja, dada."

"Na siku yangu ya kuzaliwa."

"Ndiyo."

"Na nyumba. Ulimwelekeza mpaka mlangoni kwa Mama, aje akate uzi wangu."

Yaching alianza kueleza, na maneno yakatoka hovyo. Kwamba alimpenda Chengyu kabla hajajua kuwa ni kupenda. Kwamba kila alipomsikia dada yake akizungumzia keki na picha za harusi alijiona anazama. Kwamba alikuja hapa mara moja tu, na alipofika nyumbani alitaka kurudi akafute maneno yake, akaogopa. Kwamba uchumba ulipovunjika mwezi uleule, alijua ni yeye aliyeuvunja, na tangu siku hiyo hajapata raha hata siku moja, hata akiwa mikononi mwa Chengyu. Hasa akiwa mikononi mwa Chengyu.

Yawen alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nauza dawa," alisema. "Kila siku watu huja kuniambia wamepona kwa majivu ya ubani, na vidonge vyangu wamevimeza wiki nzima. Usiniambie ubani, Yaching. Niambie ulifanya nini kingine."

"Sikufanya kitu."

"Mdogo wangu, nimekulea. Ukidanganya unashika kidole gumba."

Yaching aliangalia mikono yake, akakiachia kidole gumba. Ndani ya hekalu Mama Ouyang alikuwa akirusha vibao tena, vikagonga sakafu, watu wakashangilia kitu.

"Aliniuliza," alisema hatimaye.

"Nani?"

"Chengyu. Wiki moja baada ya mimi kuja hapa. Tulikuwa gatini, wageni wameshaondoka. Akaniambia wewe humwambii neno tamu hata moja, ukipewa ua unaliweka kwenye maji na kuendelea na kazi. Akasema anaogopa labda unaolewa naye kwa sababu Mama anataka. Akaniuliza, Yaching, dada yako ana furaha na mimi? Akasema, wewe unamjua kuliko mtu yeyote, ukiniambia anayo sitauliza tena."

"Ukamwambia nini?"

"Sikumwambia kitu. Nilitazama maji. Akangoja. Nami nikaendelea kutazama maji. Halafu akasema, nimeelewa. Kesho yake akaja nyumbani."

Moshi wa tanuru uliwapitia machoni wote wawili na hakuna aliyeupunga.

"Na jibu ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo."

"Lilikuwa lipi?"

"Kwamba unayo furaha. Ulikuwa unaimba ukiosha vyombo. Hujawahi kuimba maishani mwako, dada. Ulianza ulipompata yeye, na ulikuwa unaimba siku anazokuja tu. Nilikuwa nakusikia kupitia ukutani."

Hapo tu ndipo Yawen aliposhindwa. Alimgeuzia mdogo wake mgongo, akaweka kiganja ukutani, na mabega yakaanza kumtikisika. Yaching alipiga hatua amshike, akaona hana haki hiyo, akabaki na mikono hewani.

"Mwaka mzima," Yawen alisema, bado amempa mgongo, "mwaka mzima nimejiuliza nilikosa nini. Nilidhani uso wangu una kasoro. Unajua nimejifunza kucheka mbele ya kioo? Kule Hsinchu, kila usiku kabla ya kulala, nacheka mwenyewe kama mwehu. Ili mtu mwingine akija asinione hivyo."

Yaching alikumbuka lile cheko la kwenye supu na akatamani ardhi immeze. Alisema nisamehe. Alilisema mara nyingi, kila mara likawa jepesi zaidi, mpaka Yawen akainua mkono kumnyamazisha.

"Maombi ningekusamehe hata sasa hivi. Mzee anaombwa upuuzi kila siku, na amezoea. Na kumpenda ningekusamehe, maana hata mimi nilimpenda na najua penzi haliombi ruhusa. Lakini mtu amekuuliza swali moja, na furaha yangu yote iko mdomoni mwako, ukaimeza. Halafu mwaka mzima ukajipiga kifua kwa ajili ya vibao. Umechagua kosa jepesi ukalibeba, lile zito ukalificha chini."

"Nifanye nini, dada? Niambie, nitafanya."

Yawen alijifuta uso kwa mkono wake mrefu wa kuzuia jua, akavaa kofia.

"Kwa Mama siendi. Sina la kumwambia mpaka yule mwenye swali apate jibu. Alikuuliza. Kamjibu."

"Akikurudia je?"

"Hilo usiniulize mimi. Mimi sijui nitamwambia nini, na sijui hata kama nitataka kumsikia. Ila safari hii usinifanyie hesabu zangu kwa niaba yangu." Alianza kuondoka, akasimama. "Nitakuwa kituoni mpaka treni ya jioni. Sasa unajua na hilo pia. Ukitaka limeze."

Akapita kichochoroni, na asigeuke.

Yaching aliendelea na kazi, maana kazi haina huruma. Aliwapeleka wageni kula barafu iliyokunwa yenye maembe, wakashangaa ukubwa wa bakuli, wakaomba vijiko vya kushirikiana. Yeye hakula. Mama Ouyang, aliyemrudishia kibendera bila kuuliza, alisukuma bakuli lake mbele yake na kusema kwa upole kwamba maembe hayana kosa lolote. Kisha wakapanda basi dogo kwenda kwenye mikoko.

Chengyu alikuwa gatini akigawa makoti ya kujiokolea na kofia za mianzi. Alipomwona Yaching akishuka kwenye basi, uso wake ulifunguka, na macho yake yalimfuata kutoka mlango wa basi mpaka alipofika mbele yake. Yaching alikuwa akiishi kwa ajili ya macho yale. Aliyatazama sana, kwa kuwa hakujua kama atayaona hivyo tena.

Wageni walipokuwa wakibishana na vifungo vya makoti, Chengyu alimsogelea na kumnong'oneza kwamba baba yake amenunua viatu vipya kwa ajili ya kesho, vinambana, na amekataa kuvirudisha kwa kuwa anasema mkwe hatazami raha ya vidole. Alikuwa akicheka. Kisha akamwona vizuri, akaacha.

"Dada yako amekataa?"

"Hajakataa. Chengyu, twende pale mwisho wa gati."

Walikwenda. Chini yao maji yalikuwa ya kijani na yametulia, kaa wadogo wakipanda na kushuka kwenye mizizi ya mikoko. Ni maji yaleyale. Yaching alijilazimisha asiyatazame, akamtazama yeye.

"Mwaka jana uliniuliza kitu hapa. Sikukujibu."

"Ulinijibu. Nilielewa."

"Hukuelewa. Ulielewa nilivyotaka uelewe. Alikuwa na furaha. Dada yangu alikuwa na furaha na wewe, sana, kuliko alivyowahi kuwa. Alikuwa anaimba jikoni siku unazokuja. Mimi nilijua, nikanyamaza kwa sababu nilikutaka."

Uso wa Chengyu uliganda kidogokidogo, kuanzia mdomoni, na Yaching aliona neno baada ya neno likimfikia.

"Nilimwambia mbele ya mama yake kwamba hataki kufungwa," alisema. "Nilisimama pale nikamwambia anachotaka. Na yeye akakaa kimya, nami nikasema, unaona, ndiyo maana."

"Ndivyo alivyo. Ulijua ndivyo alivyo, na ndiyo maana uliniuliza mimi."

"Ndiyo maana nilikuuliza wewe."

Alilisema taratibu. Hakumtukana, hakumshika. Yaching alisubiri, akajikaza asijitetee, ingawa kila kitu ndani yake kilitaka kumwambia nakupenda, penzi hili la pili ni kweli, miezi yote hii ni kweli. Aliona akilisema sasa atakuwa anaiba tena.

"Kwa nini unaniambia leo?" Chengyu aliuliza.

"Kwa sababu kesho ungekuja kwetu kwa uongo wangu. Na kwa sababu yeye ameniambia nikujibu."

"Yuko mjini?"

"Yuko."

"Wapi?"

Hapo palikuwa na nafasi ndogo sana. Angeweza kusema ameshaondoka. Angeweza kusema hajui. Angeweza kutazama maji tu, na maji yalikuwa palepale.

"Kituo cha treni," alisema. "Atakuwepo mpaka treni ya jioni. Ukienda sasa utamkuta."

Chengyu alimtazama kwa muda mrefu, mpaka mwisho, kama kawaida yake, lakini Yaching hakuweza kuyasoma macho yale. Kisha akamwita mwenzake mzee aliyekuwa akifunga kamba, akamwomba awapeleke wageni yeye. Akavua koti la kazi. Akapita kati ya watu wenye kofia za mianzi, nao wakampisha kwa adabu wakidhani amesahau kitu, na muda si mrefu pikipiki yake ikasikika ikitoka barabarani kuelekea mjini.

Yaching alijipangusa uso, akachukua kibendera, akawapandisha wageni chelezoni. Alihakikisha koti la kila mmoja limefungwa. Aliwaambia wasiweke mikono nje kwa sababu matawi yanashuka chini ndani ya handaki la mikoko, na sauti yake haikutetemeka mpaka alipomaliza. Injini ikawaka.

Mama Ouyang alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa, anamwangalia.

"Yule ndiye?" aliuliza.

"Ndiye."

"Mbona ameondoka? Anakwenda wapi?"

"Kwa dada yangu," Yaching alisema. "Mimi ndiye niliyemtuma."

Mama Ouyang alivua kofia yake pana, akaiweka mapajani, akasogea pembeni ili Yaching apate mahali pa kukaa.